Kuikagua Dhana Iliyofichika: Mwongozo kwa Atakaye Kuwatendea kwa Insafu Watu wa Kila Rangi

Mwongozo huu haukuandikwa kwa ajili ya mtu achukiaye watu wa jinsi nyingine, yaani wa rangi au asili nyingine, na kuitangaza chuki yake hadharani, kwa kuwa huyo anajijua na majirani zake wanamjua. Umeandikwa kwa ajili yako wewe ambaye, ukiulizwa, utajibu kwa yakini na bila ya kusema uwongo kwamba binadamu wote ni sawa. Kisha kesho yake, katika kuchagua mpangaji, katika kutaja bei, katika kuajiri karani au katika kumwita mgonjwa anayefuata, ukampa mtu mmoja heshima na mwingine mashaka kwa sababu ya rangi ya ngozi yake, aina ya nywele zake au asili ya jina lake, wala usitambue kwamba umefanya hivyo.

Shauri kubwa utakalolipata humu ni moja. Usiitafute dhana ya namna hii kwa kuuchungulia moyo, maana moyo una desturi ya kumtetea mwenyewe. Itafute katika matendo yako yanayohesabika, na ukishaiona, uizuie kwa kanuni uliyoiweka mapema, kabla ya kukutana na yule utakayemhukumu.

I. KWA NINI MTU MWEMA HUBAGUA BILA YA KUKUSUDIA

Akili ya binadamu haiwezi kumpima upya kila mtu imwonaye njiani, na kwa ajili hiyo hujiwekea mafungu, ikalipa kila fungu sifa zilizotokana na maneno ya wazee, mizaha ya barazani, picha za sinema na mpango wa mji wenyewe. Na kwa kuwa kazi hiyo hufanyika upesi kuliko fikira, hukumu huwa imekwisha kutolewa kabla dhamiri haijaulizwa. Mwenye duka aliyerithi mizani yenye kasoro hupunja kila siku bila ya nia ya kupunja, na unyofu wa nia yake haumrudishii mnunuzi ratili iliyopotea.

Katika nchi zetu mafungu hayo hayakuota yenyewe. Utumwa wa pwani uliacha nyuma yake daraja za mwungwana na mtumwa, za mstaarabu na mshenzi; na ijapokuwa soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikaondolewa katika sheria za Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, maneno yaliyozipa daraja hizo majina yangali katika ndimi za watu, na hutoka hasa wakati wa hasira. Juu ya msingi huo ukoloni ukajenga ghorofa zake. Dar es Salaam, hospitali ya Ocean Road ambayo Wajerumani waliijenga mwaka 1897 ilikuwa ya Wazungu, nao Waafrika na Wahindi walipelekwa hospitali ya Sewa Haji. Mitaa ya miji mingi iligawanywa ikawa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Nchini Kenya mwanamume wa Kiafrika alilazimishwa kuchukua kipande, yaani hati ya kumtambulisha, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha madini. Na Unguja, wakati wa Vita Kuu ya Pili, watu waliandikwa kwa jinsi zao ili wapewe mgao wa chakula. Hata katika uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959, kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja.

Sheria hizo zimekwisha, lakini mtoto hakujifunza daraja za watu kwa kusoma matangazo ya gavana. Alijifunza kwa kutazama nani aliketi na nani alisimama, nani aliitwa bwana na nani aliitwa boi. Na alipokuwa mzazi, akayafundisha hayo kwa watoto wake bila ya kufungua kinywa.

II. UTAFITI UMEONYESHA NINI

Wataalamu wa Marekani, ambako jambo hili limechunguzwa sana, walitafuta njia ya kuipima dhana katika matendo. Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma takriban maombi 5,000 ya kazi kwa waajiri wa Boston na Chicago, yenye sifa zinazolingana, isipokuwa baadhi yalikuwa na majina yaliyozoeleka kwa Wazungu na mengine majina yaliyozoeleka kwa Wamarekani weusi. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2004, wenye majina ya Kizungu waliitwa mara moja kwa kila maombi 10 hivi, na wenye majina ya watu weusi mara moja kwa kila maombi 15 hivi. Aghalabu waajiri hao wangalikana kwa kiapo kwamba wanabagua. Hesabu ndiyo iliyosema.

Hata aliyedharauliwa huweza kuinywa dharau aliyotiliwa. Kenneth na Mamie Clark waliwaonyesha watoto weusi wa Marekani wanasesere weupe na weusi, wakawauliza yupi ni mzuri na yupi ni mbaya, na wengi wa watoto hao wakamsifu mweupe. Ushahidi huo ulitajwa katika hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya 1954 iliyokataza shule za umma kutengwa kwa rangi. Nawe usiende mbali kuutafuta mfano wa kwetu: madawa ya kuchubua ngozi na mkorogo unaouzwa kwa siri masokoni hununuliwa na watu weusi kwa fedha zao wenyewe.

> HADHARI: MAMBO MATATU YA KUJUA KABLA YA KUANZA
>
> *Kwanza*, kuna mtihani wa kompyuta uliotangazwa na Anthony Greenwald na wenziwe mwaka 1998, ambao hupima wepesi wa mtu kuoanisha nyuso za watu na maneno mazuri au mabaya. Una manufaa ya kumzindua mtu, lakini mtu huyo huyo huweza kupata jibu jingine siku nyingine; basi usiufanye hakimu wa nafsi yako, wala wa mwajiriwa wako.
>
> *Pili*, mazoezi ya kuigeuza dhana ndani ya akili taathira yake haidumu: uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba mabadiliko yaliyopatikana yalififia baada ya saa chache au siku chache. Ndiyo maana mwongozo huu unategemea kanuni na hesabu kuliko maazimio.
>
> *Tatu*, kudhulumiwa hakumtakasi mtu na dhana. Dhana ya mwenye mamlaka hudhuru zaidi leo, kwa kuwa ina mkono wa kutendea. Walakini dhana ya mnyonge hungoja mkono, na ikiupata hufagia wema na wabaya pamoja. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Unguja mwaka 1964, watu wa asili ya Kiarabu na Kihindi walipouawa au kukimbia, wakiwamo mafukara wasio na shamba wala duka. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa Uganda Agosti 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke.

III. HATUA SABA ZA KUFUATA

1. Orodhesha mahali ulipo na mamlaka. Dhana hudhuru pale penye uamuzi, si pale penye mawazo matupu. Kwa hiyo anza kwa kutwaa daftari na kuandika kila mahali ambapo neno lako huongeza au hupunguza riziki, siha au heshima ya mtu mwingine. Je, unaajiri? Unapangisha nyumba? Unapanga bei mdomoni badala ya kuibandika ukutani? Unasahihisha mitihani, unalinda lango, unapokea wagonjwa, unapokea posa ya binti yako? Usiandike “huwa nakutana na watu”. Andika tendo lenyewe.

2. Andika urithi wako wa maneno. Kwa kila jinsi ya watu inayoishi karibu nawe, kama vile Waafrika weusi, Waarabu, Wahindi, Wasomali, Wazungu, Wachina na machotara, andika yale uliyoyasikia nyumbani ulipokuwa mdogo: kwamba hawa ni wavivu, wale ni wabahili, hawa wana hila, wale hawakosei. Kando ya kila neno andika nani alilisema, na umejionea nini kwa macho yako, na ni watu gani unaowajua ambao hali yao inalikanusha. Usiyasahau maneno ya sifa, maana sifa ya jumla ni ndugu wa tusi la jumla: anayeamini kwamba Mzungu hadanganyi atamtia mashakani Mwafrika mkweli, na atatapeliwa na Mzungu laghai. Orodha hii ya maneno ni yako peke yako. Ukiandika kwa ajili ya kusomwa, utaandika uwongo.

3. Hesabu matendo yaliyopita. Rudi katika orodha ya hatua ya kwanza, utwae maamuzi yako kumi ya mwisho ya aina moja, kama wapangaji kumi uliowapokea au kuwakataa, na uandike kwa kila mmoja jinsi yake, hati ulizomtaka, muda uliomngojesha, fedha ulizomtoza na neno ulilomkatalia. Kumi ni wachache, wala hawatoshi kuthibitisha jambo mbele ya kadhi. Lakini ukiona kwamba waliotakiwa mdhamini ni wa rangi moja, na walioaminiwa kwa sura ni wa rangi nyingine, umekwisha kupata pa kuanzia. Kama hukuwa na kumbukumbu zilizoandikwa, anza kuziandika leo, maana kumbukumbu ya kichwani huchagua yale yanayompendeza mwenyewe.

4. Weka sharti kabla ya kuuona uso. Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Andika mapema vipimo vya uamuzi wako na uzito wa kila kimoja: kwa karani, mathalani, ujuzi wa hesabu, barua ya mwajiri wa kwanza na jaribio la kazi la nusu saa; kwa mpangaji, uwezo wa kulipa kodi na maneno ya mwenye nyumba aliyemtangulia. Waulize wote maswali yale yale kwa mpangilio ule ule, utoe alama kwa kila jibu kabla ya kwenda kwa swali linalofuata, na panapowezekana mtu mwingine afunike majina na picha katika barua za maombi kabla hazijakufikia. Bei zibandikwe, na foleni iwe kwa namba. Mnamo Oktoba 1961, baadhi ya wabunge wa Tanganyika walipotaka uraia wa nchi ufuate rangi, Julius Nyerere aliwapinga vikali na kushikilia kwamba kipimo ni uaminifu kwa nchi. Na nguvu ya hoja yake ilikuwa katika kukiweka kipimo kabla ya kumjua atakayepimwa. Ikiwa utakiacha kipimo chako kwa ajili ya mtu mmoja, andika sababu yake siku hiyo hiyo, kisha uisome tena baada ya mwezi.

5. Badili mtu, uache tendo. Yapo mambo yasiyongoja vipimo vilivyoandikwa: mtu amechelewa, mteja amepaza sauti, kijana amesimama karibu na gari lako. Hapo jiulize swali moja tu: lau tendo hili hili lingefanywa na mtu wa jinsi yangu, au na Mzungu aliyevaa tai, ningeliitaje? Ukiona kwamba kuchelewa kwa mmoja unakuita “msongamano wa magari” na kwa mwingine unakuita “saa za Kiafrika”, au kwamba ukali wa mmoja ni “kujua haki yake” na wa mwingine ni “kiburi cha Kihindi”, simama. Jihadhari zaidi unapokuwa na njaa, uchovu, haraka au hofu, kwani hizo ndizo saa ambazo akili hukimbilia mafungu yake. Na uamuzi unaoweza kulala, ulale mpaka asubuhi.

6. Tafuta muamala wa usawa. Mwaka 1954 Gordon Allport, mtaalamu wa Marekani, alieleza kwamba kukutana kwa watu wa jinsi mbalimbali hupunguza chuki pale tu yanapokuwapo masharti: wawe sawa kwa cheo katika shughuli ile, wawe na lengo moja, washirikiane kulifikia, na wenye mamlaka wauunge mkono umoja wao. Kwa hiyo mtumishi wako wa jikoni, hata akikaa nawe miaka ishirini, hakupi ujuzi huo, kwa sababu kila siku anakutana nawe akiwa chini. Wala na mwenye duka unayemkuta nyuma ya kaunta hamjuani kwa usawa. Tafuta kamati ya wazazi shuleni, chama cha akiba, timu ya mpira, jumuiya ya kusafisha mtaa, au ubia wa biashara, ambamo utaweza kushindwa kwa hoja na mtu usiyemzoea na usione aibu.

7. Safisha ulimi wa nyumbani. Usimsifu mtoto kwa weupe wake mbele ya ndugu yake aliye mweusi. Usiziite nywele za singa nzuri na za kipilipili mbaya. Usimtishe mtoto kwa Mzungu, Mwarabu au Mmasai atakayekuja kumchukua. Watoto wakisikia mzaha wa rangi kutoka kwa mgeni, usiunyamazie mpaka aondoke ndipo uwaelekeze. Sema pale pale kwa upole, “Sisi humu hatusemi hivyo,” kisha mazungumzo yaendelee. Neno fupi lililosemwa kwa wakati wake huwafunza kuliko hotuba ya jioni.

> ALAMA ZA KUKUJULISHA KWAMBA DHANA INAFANYA KAZI
>
> – Umemsemesha Mhindi mzaliwa wa Tanga kwa Kiingereza kabla hajafungua kinywa.
>
> – Umeingia zahanati, ukamwuliza mwanamke mweusi aliyevaa koti jeupe, “Daktari yuko wapi?”
>
> – Umemhudumia Mzungu aliyefika nyuma, ukasema kwamba ni ukarimu kwa mgeni.
>
> – Umemtajia mtu “bei ya Mzungu” ingawa ni jirani yako wa miaka mingi.
>
> – Umelipuuza shauri la mwenzio kikaoni, kisha ukalisifu liliposemwa na mwenye ngozi nyeupe.
>
> – Kosa la mmoja umelipa sababu, na kosa la mwingine umelipa jinsi.

IV. MAKOSA YANAYOFANYWA NA WENGI

*Kusema “mimi sioni rangi”.* Asemaye hivyo hufunga macho yake mwenyewe, na dhana huendelea kuona. Tena huwanyima waliodhulumiwa lugha ya kueleza yaliyowapata.

*Kumtoa rafiki kama shahidi.* Kuwa na rafiki Mwarabu hakuthibitishi kwamba umemtendea kwa insafu Mwarabu wa pili, ambaye humjui. Aghalabu akili humwondoa rafiki katika fungu, ikaliacha fungu kama lilivyokuwa.

*Kugeuza dhuluma upande wa pili.* Mwenye tahayari ya jana huweza kumpendelea leo asiyestahili, au kumsifu mtu kupita kiasi kwa jambo la kawaida, kana kwamba hakumtarajia kuliweza. Hiyo nayo ni dharau iliyovishwa nguo njema.

*Kuhubiri kabla ya kujikagua.* Wahenga walisema kwamba nyani haoni kundule. Anayeanza kwa kuyahesabu makosa ya Wahindi juu ya Waafrika, au ya Waafrika juu ya Waarabu, hatafika kwenye daftari lake.

*Kuchanganya dhana na hila za makusudi.* Mwenye nyumba anayesema wazi kwamba hapangishi kwa watu weusi, au mwajiri anayelipa kazi moja kwa mishahara miwili kwa rangi, hahitaji mwongozo wa kujitafakari bali sheria. Katiba ya Tanzania katika ibara ya 13, na Katiba ya Kenya ya 2010 katika kifungu cha 27, zinakataza ubaguzi. Jambo la namna hiyo lipelekwe kwa wenye mamlaka.

V. UKIAMBIWA KWAMBA UMEBAGUA

Saa hii itakuja, na namna utakavyoipokea itaonyesha kama kazi uliyoifanya ilikuwa ya kweli. Fuata mpango huu:

1. Nyamaza mpaka msemaji amalize, maana jibu la kwanza huwa ni la kujitetea.
2. Uliza juu ya tendo: “Ni lipi nililolifanya, na lini?” Usiulize kama anakuona mtu mbaya, kwani hilo humlazimisha akuliwaze wewe, hali yeye ndiye aliyeumia.
3. Lipime jambo kwa vipimo vyako vilivyoandikwa. Yawezekana amekosea, lakini amua hivyo baada ya kuangalia daftari, si kabla.
4. Ikiwa amesema kweli, mrudishie kilichopotea: nafasi, fedha, zamu, au radhi mbele ya wale waliosikia.
5. Badilisha kanuni iliyoliruhusu kosa, ili asiyekuwa na ujasiri wa kusema naye asalimike.

Nawe ukimwona mwenzio akitenda hivyo bila ya kutambua, mwite faraghani, umtajie tendo moja tu na umwulize sababu yake, badala ya kumbandika jina. Mtu aliyefedheheshwa mbele za watu huilinda dhana yake kama mali.

VI. ORODHA YA UKAGUZI WA KILA MIEZI MITATU

☐ Nimehesabu tena maamuzi yangu kumi ya mwisho, kwa jinsi za watu.

☐ Vipimo vyangu vya kuajiri, kupangisha au kuhudumia vimeandikwa, na nimevitumia kwa wote.

☐ Kila mara nilipoviacha, niliandika sababu, na nimeisoma upya.

☐ Majina na picha zilifunikwa palipowezekana.

☐ Nimeshirikiana na mtu wa jinsi nyingine katika shughuli ambayo mimi si mkubwa wake.

☐ Nimelikata nyumbani neno moja la dharau, au la sifa, linalofuata rangi.

☐ Yupo mtu mmoja asiye wa jinsi yangu niliyempa ruhusa ya kunionya, na sikumchukia aliponionya.

☐ Nimeandika tarehe ya ukaguzi ujao.

Ukikosa alama moja au mbili, usivunjike moyo, bali rudi kwenye hatua inayohusika na uifanye kuwa kazi ya miezi mitatu ijayo. Ukizipata zote kwa urahisi katika ukaguzi wa kwanza, mpe daftari lako la hesabu mtu wa pili alikague. Na kama huna mtu wa jinsi nyingine wa kumpa, umekwisha kujua ni hatua ipi uianze kesho.